Kienyeji, chotara au wa kizungu: mbwa gani wa kukabili nguruwe pori shambani?

Shemeji yangu wa Buchosa alinipigia simu usiku, na kwa sauti tu nikajua katoka shambani sasa hivi. Nguruwe walikuwa wamepindua matuta tisa ya viazi. Alikuwa amesikia kuna kijana hapa Mwanza anauza chotara wa Rottweiler, dume la miezi saba, kifua kama cha ndama. "Shemeji, nimchukue?" Nikamuuliza: "Mama yake ni nani?" Akakaa kimya kidogo, kisha akacheka. Alidhani namtania.

Sikuwa namtania. Nina shamba la mihogo upande wa Sengerema, si mbali na Ziwa Victoria, na kwa miaka 12 nimefuga huko mbwa wa kienyeji, chotara wa aina mbili, na mmoja wa kizungu ambaye hatukukaa naye muda mrefu. Watatu nimewazika kwa mikono yangu, na wawili kati yao walikufa kwa sababu nilichagua kwa macho. Yafuatayo ndiyo niliyomweleza shemeji, na mengine niliyoyakumbuka baada ya simu kukatika.

Kabla ya mbwa, tazama nyayo

Kando ya ziwa letu kuna wezi wengi wa usiku, na kila mtu akikuta shamba limevurugwa anasema "nguruwe". Siyo lazima awe yeye.

Nguruwe pori, ambaye wazee wa Kisukuma humwita ngulube, hutembea kwa kundi, mara nyingi wanne hadi kumi. Mchana hulala kwenye kichaka kizito au ndani ya matete na mafunjo, usiku ndio hutoka. Pua yake hulima. Asubuhi unakuta tuta limegeuzwa kama limepitiwa na jembe la ng'ombe, mihogo imeng'olewa na kutafunwa nusunusu, na chini kuna alama za kwato mbilimbili. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 70, na wako wanaopita 100. Meno yake ya chini hayaonekani sana kwa nje, lakini makali yake ni ya wembe.

Ngiri ni mnyama mwingine kabisa. Huyo ni wa mchana, hupiga magoti ya mbele akila nyasi, na usiku hulala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Huingia kinyumenyume ili meno yabaki yameelekea mlangoni. Mbwa anayechungulia shimo la ngiri huwa anachungulia mara moja tu. Ukiwa upande wa Busega, karibu na geti la Ndabaka ambako hifadhi ya Serengeti inasogelea Ghuba ya Speke, utakutana zaidi na ngiri. Sisi wa huku ng'ambo, wa Sengerema na Buchosa, shida yetu ni nguruwe wa usiku.

Ukikuta unyayo mkubwa kama sahani wenye vidole vinne, na njia iliyokanyagwa kutoka majini, huyo ni kiboko. Mfungie mbwa wako ndani. Na ukikuta shina la mhogo limetafunwa kwa chini na mwiba mweupe kwa mweusi umelala pembeni, ni nungunungu. Wasukuma walikuwa na chama kizima cha wawindaji wa nungunungu, banunguli, na mtu ndiye aliyejitosa shimoni. Sijui ni wangapi leo wangekubali kazi hiyo.

Neno la sheria

Nalisema mapema kwa sababu watu wengi wanatafuta mbwa wa "kuwinda". Nguruwe pori na ngiri ni wanyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hawi mali yako kwa sababu tu amelala katikati ya mihogo yako. Kuwinda bila leseni ni kosa. Ukichukua mbwa na mikuki mkaingia msituni, huo ni ujangili, na nyama ikikutwa jikoni, hadithi ya matuta tisa haitakusaidia. Kundi likizidi, pita kwa mtendaji wa kijiji, ufike kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Mbwa ninayemzungumzia hapa ni wa kulala shambani na kuwafanya nguruwe waende kutafuta chakula kwingine. Kumbe kazi hiyo ndiyo inayoamua aina ya mbwa, kama utakavyoona.

Kushika na kubwekea

Watu waliojikita katika kuwinda nguruwe kwa mbwa wako majimbo ya kusini mwa Marekani. Nguruwe wao si kama wetu. Ni wa nasaba ya nguruwe wa kufugwa: wa kwanza walifika Florida mwaka 1539 na msafara wa Mhispania Hernando de Soto, wengine wakatoroka mabandani baadaye, wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Lakini mgawanyo wa kazi ambao wawindaji wale waliufanya kwa mbwa wao unatufaa hata sisi.

Wana mbwa wa kubwekea na mbwa wa kushika. Wa kubwekea, kama Catahoula wa Louisiana au Plott wa North Carolina, anamtafuta nguruwe, anamzunguka, anampigia kelele usoni, na nguruwe akimrukia anaruka pembeni. Hagusi. Wa kushika ni mbwa mzito wa taya pana, kama bulldog wa Kimarekani au pit bull, naye hushikwa kwa kamba mpaka dakika ya mwisho. Akiachiwa anakamata sikio na haachii. Huyo huvalishwa kola pana ya kukinga shingo na fulana ya kitambaa kigumu, kwa sababu jino la nguruwe linatafuta shingo, kifua na tumbo. Na mwindaji mwenyewe anakuja mbio nyuma yake kumaliza kazi.

Hapo ndipo pa kutafakari. Mbwa wa kushika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu mwenye silaha aliye hatua chache nyuma. Shambani kwangu, saa tisa usiku, mtu huyo yuko kitandani. Mbwa anamshika nguruwe, nguruwe wengine hawakimbii, mama mwenye watoto anageuka, na hakuna anayekuja.

Machotara wengi waliopata sifa duniani wametengenezwa kwa mojawapo ya njia hizo mbili. Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ametokana na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika waliochanganywa na mbwa wa Wazungu. Mwindaji Cornelius van Rooyen aliwatumia huko ambako leo ni Zimbabwe, na sifa za uzao huo ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Kazi yao ilikuwa kumsimamisha simba mahali pamoja huku wakimkwepa, mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa aitwaye Dogo, wa Argentina, alikwenda njia nyingine. Katika miaka ya 1920 huko Córdoba, Antonio Nores Martínez alichukua mbwa wa mapigano wa mji ule, akamchanganya na aina nyingine kadhaa, akapata mbwa mweupe wa kukamata nguruwe mwitu na kumshikilia.

Wote wawili walianza kama machotara. Mmoja anakwepa, mwingine anang'ang'ania. Kwa hiyo mtu akikuambia "nauza chotara", bado hajakuambia kitu.

Mbwa wa kienyeji

Tumezoea kumdharau, tunamwita koko hata akiwa na mwenyewe. Lakini mtazame usiku wa manane. Masikio yamesimama, analala jicho moja wazi, anasikia tawi likivunjika kabla ya wewe kusikia mbwa. Ana manyoya mafupi yasiyomchosha kwenye joto letu, miguu mirefu kwa mwili wake, na uzito ambao wengi wao haufiki kilo 20. Uzito huo mdogo ndio uhai wake. Anajua hawezi kumshika nguruwe, kwa hiyo hajaribu.

La pili ni maradhi. Mbwa wetu wamekaa na kupe wa hapa vizazi na vizazi, na wengi wanavumilia homa za kupe ambazo mbwa mgeni anakufa nazo ndani ya wiki. Hata ndorobo wakiwepo vichakani, yeye hustahimili kidogo kuliko mgeni, ingawa naye si chuma.

Udhaifu wake nimeuona wazi. Anazurura. Dume la kienyeji likisikia harufu ya jike lililo kwenye joto kijiji cha tatu, shamba lako linabaki na wewe. Wengine wanakula mayai, wengine wanajifunza kukimbiza mbuzi wa watu, na kesi ya mbuzi inakula faida ya mihogo yote. Tena si kila mmoja ana moyo. Katika uzao wa watoto sita, niliowahi kupata wenye kusimama mbele ya nguruwe ni wawili. Waliobaki walibweka wakiwa uvunguni mwa kitanda.

Mbwa wangu bora kuliko wote alikuwa jike wa kienyeji, rangi ya vumbi, mkia umejikunja. Nilimwita Watasema, kwa sababu jirani yangu mmoja alikuwa na maneno. Hakuwahi kugusa nguruwe hata mmoja. Alikuwa na sauti mbili: moja ya mtu anapita, nyingine ya nguruwe, na hiyo ya pili ilikuwa kali, fupifupi, haikomi. Alizunguka kundi kwa mbali, huku, kule, mpaka kundi likachoka na kuondoka. Nguruwe hapendi kula akiwa anapigiwa kelele. Hilo tu ndilo lililoniokoa misimu minne.

Wa kizungu kamili

Hapa sitakaa sana. Kama una nyumba yenye ukuta mjini, kule Capri Point au Isamilo, mbwa aina ya jamani shepadi (German shepherd) kamili ni mlinzi mzuri wa geti. Shambani kwenye kupe na joto, bila daktari wa mifugo wa karibu, unanunua huzuni. Wangu alipata homa ya kupe mwezi wa pili: ufizi ukawa mweupe kama chaki, mkojo rangi ya chai ya rangi. Nilimpakia kwenye gari, enzi zile za foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na tukiwa bado tunasubiri zamu akafia mapajani mwangu. Siku hizi kuna daraja la kilomita tatu na unavuka kwa dakika chache, lakini kupe hawajapungua. Rottweiler na Boerboel, yule mbwa mzito wa Afrika Kusini, wana shida hiyohiyo, na juu yake wana uzito. Mbwa wa kilo 50 akikimbia dakika kumi kwenye matope ya mpunga anataka kupumzika, na nguruwe hajaanza hata kutoka jasho.

Chotara, na swali la mama

Sasa tufike anapopaulizia shemeji.

Ukimpandisha jike wa kienyeji kwa dume la kizungu, watoto wa uzao wa kwanza huwa na jambo zuri: kila mmoja amechukua nusu kwa nusu, kwa hiyo wanakaribiana kwa umbo na tabia, na mara nyingi wana afya na nguvu kuliko ungetarajia kwa kuwatazama wazazi. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa wanalijua hili. Ndiyo maana chotara wa kwanza ana sifa, na sifa hiyo ni ya haki.

Tatizo ni uzao wa pili. Ukimpandisha chotara kwa chotara, ile nusu kwa nusu inatawanyika. Mmoja anatoka na mwili wa Rottweiler na woga wa koko, mwingine na mwili wa koko na hasira za Rottweiler, wa tatu kapata manyoya marefu na mapafu mafupi. Sokoni wote wanaitwa chotara na wote wanauzwa bei moja. Kijana wa mjini anayekuuzia hana nia mbaya, pengine naye hajui. Ndiyo maana nauliza mama. Ukimwona mama ni wa kienyeji kabisa, na baba unaoneshwa au angalau unaambiwa yuko kwa nani, unashika uzao wa kwanza. Ukimwona mama naye ni "chotara", unacheza bahati nasibu.

Sababu nyingine ya kumtazama mama ni kwamba mtoto anakaa naye wiki saba au nane za mwanzo. Akisikia tawi akabweka, mtoto anajifunza kubweka. Akijificha, mtoto anajifunza uvungu. Kama mama analala shambani na ameshawahi kusimama na nguruwe, umelipia mwalimu.

Niliponunua chotara wangu wa kwanza sikujua haya. Bosi alikuwa mtoto wa Rottweiler, na mama yake sikumwona kamwe. Bei yake ilikuwa sawa na mbuzi wawili wazuri. Watoto walimpenda, wezi walimwogopa, na mimi nilitembea naye kijijini kama mtu mwenye pikipiki mpya. Usiku wa kwanza nguruwe walipoingia akiwa ameshakomaa, hakubweka hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja akamkamata dume shingoni. Nilisikia kishindo, nikatoka na kurunzi na fimbo, na kufikia pale nguruwe ameshaondoka. Bosi alikuwa amesimama bado, anatikisa mkia. Ilinichukua muda kuona kwamba tumbo limefunguka. Nililimwagia maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, nikalikandamiza kwa khanga safi. Hakuona asubuhi.

Ujasiri wake haukuwa kosa lake. Alikuwa anafanya kazi aliyozaliwa nayo, ila hapakuwa na mtu wa pili. Shemeji akitaka dume la Rottweiler lenye kifua cha ndama, ajue ananunua mbwa wa kushika.

Chotara wa pili nilimtengeneza mwenyewe. Watasema alipandishwa na dume la jamani shepadi la rafiki yangu wa Nyegezi. Siku 63 hivi baadaye wakazaliwa watoto watano. Niliwaacha na mama yao shambani, sikuwabeba kwenda nyumbani. Kwenye miezi minne nikaanza kuwafundisha kuitikia jina na kurudi wakiitwa, maana mbwa wa nguruwe asiyerudi ni mbwa wa kupotea. Usiku sikuwaruhusu kutoka na mama yao mpaka walipokaribia mwaka. Wawili niliwagawa, mmoja alikufa kwa kuhara akiwa mdogo, wawili wakabaki: dume na jike. Dume lilikuwa na sauti nzito inayofika mpaka ng'ambo ya kijito, jike likawa na akili za mama. Kilo 25 hadi 28, miguu mirefu, manyoya si marefu kupita kiasi. Walifanya kazi kama timu, mmoja akibweka mbele, mwingine nyuma, na walipofukuziwa walikwepa. Nguruwe hawakuacha kuja, tusidanganyane, ila waliacha kukaa.

Mambo mawili tu yaliniudhi kwa chotara wale. Walikula sana, na dume lilipofika miaka miwili likaanza kuwa na ukorofi kwa watu wanaopita njia ya ziwani. Nikalihasi. Likatulia, na sauti haikupotea.

Chakula, kupe na fedha ya mfukoni

Watu hulinganisha bei ya kununua wakasahau bei ya kula. Mbwa wa kienyeji atakwenda na ugali wa pumba na mchuzi wa dagaa, na atajitafutia panya. Chotara anataka karibu mara mbili ya hapo, na ukimnyima anakwenda kutafuta kwa majirani. Sisi wa Mwanza tuna bahati ya mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu. Chemsha vizuri, saga au ondoa mifupa mikubwa ya mgongo wa sangara, changanya na unga. Nimeshaona mbwa amekabwa na mfupa huo, na si jambo la kutazama mara mbili.

Dawa ya kupe ni ya lazima kwa chotara, kwa kienyeji ni ya busara. Mpitishe vidole kila jioni: masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukiona jicho linaingia ukungu wa kibuluu na mbwa anakonda huku anakula, fikiria ugonjwa wa ndorobo, usingoje.

Na maji. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini mamba wa ziwa letu anapenda sana mbwa anayekuja kunywa jioni. Mnyweshe nyumbani.

Chanjo na nyama

Kichaa cha mbwa kwanza. Karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na mbwa wa shambani anakutana na fisi, mbweha na mbwa wa vijiji vingine kuliko mbwa wa geti. Mchanje akiwa na miezi mitatu, kisha ufuate ratiba ya ofisa mifugo, hata kama wa kienyeji, hata kama "haumi". Chanjo ya pili ambayo watu huipuuza ni ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mwaka 1994 virusi hivyo, ambavyo chanzo chake kilikuwa mbwa wa kufugwa vijijini, viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao. Aliye Busega au Magu anakaa ukingoni mwa hifadhi ile, na mbwa wake akivuka mpaka hana pasipoti.

Nyama nayo ina lake. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuumwa, na kupe laini wanaokaa kwenye mashimo ya ngiri wanavisambaza. Mtu hapati ugonjwa huo, mbwa pia hapati, lakini nguruwe wa kufugwa wanateketea, na tiba hakuna. Mbwa wako akikokota mzoga mpaka nyumbani, na jirani anafuga nguruwe wa kitimoto, umempelekea msiba. Uzike mzoga palepale, kwa kina. Na mbwa asile nyama mbichi ya nguruwe hawa, kwa sababu ya minyoo ya trikinela inayokaa ndani ya misuli. Nawe hata ukipata nyama ya halali kwenye bucha la nyamapori, iive mpaka ndani.

Kwa hiyo achukue yupi?

Kama shamba ni eka moja au mbili, hakuna anayelala hapo, na fedha ni ya kuhesabu, chukua majike wawili wa kienyeji waliozaliwa na mama mwenye sauti. Wawili, siyo mmoja: mmoja akiwa peke yake atabweka nusu saa akate tamaa. Jike huzurura kidogo kuliko dume, na ukimfunga kizazi shida inaisha.

Kama una eka tano kwenda juu, una kibanda na mtu wa kulala, na unaweza kulisha na kununua dawa ya kupe kila mwezi, mpe mbwa wa kienyeji mmoja mwenye uzoefu wenzake wawili chotara wa uzao wa kwanza, baba jamani shepadi au mbwa yeyote wa jamii ya kuchunga. Hapo ndipo chotara anapomshinda kienyeji waziwazi: sauti inafika mbali, hachoki upesi, na nguruwe wanaheshimu ukubwa wake hata asipowagusa.

Kama tatizo lako ni ngiri wa mchana, kienyeji anatosha, ila umzoeze kuacha ngiri akishaingia shimoni. Ukiona mbwa haachi, usimpeleke tena.

Na chotara wa Rottweiler, Boerboel au pit bull? Kwa geti, sawa. Kwa nguruwe wa usiku, hapana, labda uwe tayari kulala naye kamba mkononi. Wako watakaobishana nami hapa na wana mifano yao, mbwa aliyeua nguruwe watatu na bado yu hai. Nawaamini. Ila nikiwauliza wamezika wangapi, huwa wanahesabu kwa vidole vya mikono yote miwili.

Shemeji hakunijibu siku ile. Wiki moja baadaye akavuka daraja akaja. Hakwenda kwa kijana wa mjini. Tulikwenda pamoja Misungwi kwa mzee mmoja ambaye nilisikia jike lake limezaa, tukafika jioni makusudi, tukakaa nje tukizungumza mpaka giza likaingia. Mbuzi wa jirani akavunja kijiti nyuma ya zizi. Jike likainuka, likasimama kati yetu na giza, likabweka mara tatu fupi. Watoto wanne wakajificha nyuma ya chungu. Wa tano, mwenye doa jeupe kifuani, akasimama ubavuni mwa mama na kubweka naye, sauti kama ya kifaranga.

Shemeji akamnyooshea kidole yule wa tano, akamwambia mzee: "Huyo."